Daftari la Hisia: Namna ya Kufuatilia Hali ya Moyo Wako Siku kwa Siku

Daktari au mshauri nasaha akikuuliza, "Wiki mbili hizi umekuwa ukijisikiaje?", jibu litakalokutoka mara nyingi ni la leo, si la wiki mbili. Ukiwa umeamka vizuri utasema "si mbaya sana." Ukiwa umeamka umenyong'onyea utaapa kwamba hujaona siku njema tangu mwezi uanze. Hudanganyi. Moyo wenye huzuni huvuta kumbukumbu za huzuni, na ukichangamka huzisahau. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake walionyesha jambo jingine la aina hiyo: watu wakikumbuka kitu kilichowaumiza hawajumlishi dakika zote, bali hupima kwa pale kilipouma zaidi na kwa namna kilivyokwisha. Muda kilichodumu karibu hauhesabiki. Ndiyo maana wiki yenye siku sita za kawaida na jioni moja ya ugomvi hubaki kichwani kuwa wiki mbaya.

Daftari la hisia lipo kuandika siku ilivyokuwa kabla kumbukumbu haijaipinda. Faida yake haipatikani sana kwenye kuandika. Inapatikana kwenye kusoma. Wengi wanaoliacha njiani waliandika mengi mno wiki ya kwanza, wakachoka wiki ya pili, na hawakurudi kuyasoma hata mara moja. Mwongozo huu umepangwa kukuepusha na hilo: andika kidogo, andika kwa wakati wake, kisha soma kwa makini.

Hatua ya 1: Jua unatafuta nini

Kabla ya kununua daftari au kupakua programu, andika swali moja. "Nataka kujielewa" si swali, kwa sababu halikuambii urekodi nini. Maswali yanayofaa ni kama haya: Je, dawa niliyoanzishwa inanisaidia? Je, hasira zangu zinahusiana na usingizi? Je, wasiwasi huu una siku zake au uko kila siku? Je, ninaporomoka kabla ya hedhi kila mwezi, au naona hivyo tu?

Hilo la hedhi ni mfano mzuri wa kazi ambayo kumbukumbu haiwezi. Aina kali ya mabadiliko ya hisia kabla ya hedhi, inayojulikana kwa kifupi PMDD, haithibitishwi kwa masimulizi peke yake. Vigezo vya kitaalamu vinataka rekodi za kila siku kwa angalau mizunguko 2. Mwanamke anayefika kwa daktari akiwa nazo tayari ameokoa miezi miwili.

Kama huna swali, anza na hili: siku zangu mbaya zinafanana katika nini?

Hatua ya 2: Chagua pa kuandikia

Daftari dogo, kalenda ya ukutani, jedwali kwenye kompyuta au programu ya simu, vyote vinafaa. Kigezo ni kimoja: utaweza kukifungua siku ambayo huna nguvu hata ya kujibu ujumbe? Programu yenye kurasa nne za maswali inapendeza siku unapoipakua, lakini siku ya kuanguka hutaigusa, na siku hiyo ndiyo tunayoihitaji zaidi kwenye rekodi.

Fikiria siri pia. Programu nyingi za bure huhifadhi taarifa zako kwenye seva za mtu mwingine, na baadhi huzigawa kwa watangazaji wa biashara. Soma masharti, angalia kama inaruhusu kuhifadhi ndani ya simu pekee, na kama unaweza kutoa data zako zote na kuzifuta. Ukiandika kwenye karatasi na unaishi na watu wengi, tumia namba na vifupisho unavyovielewa wewe. Mtu anayeogopa kusomwa haandiki ukweli, na daftari lisilo na ukweli ni afadhali lisiwepo.

Hatua ya 3: Tengeneza kipimo chako

Watu wengi huanza na 1 hadi 10. Hakuna ubaya, ila baada ya wiki moja hakuna anayejua 6 inatofautiana vipi na 7. Mimi napendelea kipimo kinachoanzia -3 hadi +3, ambapo sifuri ni hali yako ya kawaida: huna furaha ya pekee, huna huzuni ya pekee, siku inakwenda. Kipimo hiki kinakumbusha pia kwamba moyo unaweza kupanda kupita kiasi, si kushuka tu.

Kila namba ipe maana kwa matendo, kwa kuwa matendo yanaonekana na hisia hubadilika zikiulizwa. Mfano:

-3: sikuweza kutoka kitandani, au nilikaa bila kuoga wala kula
-2: nilifanya ya lazima tu, nililia au nilijitenga
-1: nilifanya kazi zangu lakini kwa kujikokota
0: kawaida
+1: nilichangamka, nilianza mambo mwenyewe bila kusukumwa
+2: nilijaa nguvu, niliongea kuliko kawaida, nilipanga mambo mengi
+3: sikuhisi haja ya kulala, mawazo yalikimbia, nilitumia fedha au kuchukua maamuzi bila breki

Andika ya kwako, kwa maisha yako, kwenye ukurasa wa kwanza, na usiibadilishe katikati ya mwezi. Angalia pia kwamba +3 si zawadi. Mtu aliyezoea kushuka akipanda ghafla huona amepona, na jamaa zake hufurahi naye, wakati mwingine hadi mambo yaharibike.

Namba moja haitoshi, kwa hiyo ongeza ya pili: nguvu ya mwili na kasi ya akili, kwa kipimo kilekile. Mwanasaikolojia James Russell alieleza mwaka 1980 kwamba hisia zinaweza kupangwa kwa pande mbili, yaani kama inapendeza au inaumiza, na kama mwili umeamshwa au umetulia. Tofauti hii ni kubwa. Huzuni yenye uzito (moyo -2, nguvu -2) si sawa na dhiki yenye moto (moyo -2, nguvu +2), ile ambayo mtu anaumia lakini hatulii, anazunguka chumbani, anakasirika kwa neno dogo. Zote zingeandikwa "siku mbaya", lakini hazina chanzo kimoja wala tiba moja, na ile ya pili ni hatari zaidi kwa mtu mwenye mawazo ya kujidhuru.

Hatua ya 4: Ipe hisia jina lake

Baada ya namba mbili, weka neno moja au mawili. "Vibaya" na "poa" hazikubaliki. Kiswahili hakijatunyima maneno: huzuni, simanzi, ukiwa, upweke, wasiwasi, hofu, fadhaa, kero, hamaki, ghadhabu, kinyongo, wivu, aibu, majuto, uchovu, unyonge, ganzi, kukata tamaa, na upande wa pili utulivu, matumaini, shukrani, bashasha, faraja, msisimko, fahari.

Kuchagua kati ya aibu na hasira kunakulazimisha usimame kidogo ujiangalie. Mara nyingi mtu anayesema "nimekasirika" akitafuta zaidi anakuta amedharauliwa, au anaogopa. Na kutaja kwenyewe kuna kazi: utafiti wa Matthew Lieberman na wenzake uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba watu walipotaja jina la hisia walizoziona kwenye picha za nyuso, msisimko wa amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulika na hofu, ulipungua.

Hatua ya 5: Chagua mambo matatu au manne ya kando

Hapa ndipo tamaa huwaponza watu. Wanataka kurekodi chakula, maji, hali ya hewa, hatua walizotembea, na ndoto. Chukua machache, yale yanayogusa swali lako.

Usingizi uwemo hata kama hukuuliza habari zake. Andika umelala muda gani, na pia ulilala na kuamka lini, maana kulala kwa nyakati zinazoruka huku na huku kunaweza kuvuruga hisia hata kama jumla ya saa inatosha. Kwa mtu mwenye tatizo la kupanda na kushuka sana kwa hisia, usiku mmoja au miwili bila kulala unaweza kuwa mwanzo wa kupanda.

Dawa ziwemo kama unazitumia, pamoja na siku ulizoruka. Dawa za sonona, yaani ugonjwa wa kushuka moyo, kwa kawaida huchukua wiki kadhaa kuonyesha nafuu, ilhali maudhi ya dawa kama kichefuchefu yanaweza kuja siku za mwanzo. Asiye na rekodi huona maudhi tu na kuiacha dawa njiani. Usiache wala kupunguza dawa kwa sababu ya daftari. Lipeleke daftari kwa aliyekuandikia dawa.

Pombe na kahawa ziandikwe kwa wakati wake. Pombe humlaza mtu haraka na kisha kuvuruga nusu ya pili ya usiku, na wasiwasi wa kesho yake mara nyingi hauhusishwi nayo. Kahawa, kwa watu wengi, nusu ya kafeini yake bado imo mwilini baada ya saa 5 hivi, kwa hiyo kikombe cha jioni ni habari ya usingizi.

Mengine chagua mwenyewe: kutembea au mazoezi, kuonana na watu ana kwa ana, hedhi, maumivu ya mwili, muda kwenye mitandao. Kisha acha nafasi ya sentensi moja ya tukio. Sentensi moja, si ukurasa. Ukitaka kumwaga moyo, uwe na daftari jingine la hilo.

Hatua ya 6: Andika kwa wakati, na usijaze nyuma

Mara moja kwa siku inatosha kuanzia. Funga zoezi na jambo unalolifanya tayari bila kukosa, kama kupiga mswaki usiku. Ukiweza mara mbili, asubuhi na jioni, utaona kitu ambacho wa mara moja hatakiona: kuna sonona inayobana zaidi asubuhi na kulegea kuelekea jioni. Mtu wa namna hiyo akiandika usiku tu, daftari litamwambia yuko sawa.

Sasa, kosa ambalo kila anayefuatilia hisia hushawishika kulifanya: kusahau siku nne, kisha kuzijaza zote kwa mkupuo. Arthur Stone na wenzake walichapisha mwaka 2002, katika British Medical Journal, jaribio la wagonjwa wenye maumivu sugu waliopewa majalada ya karatasi yenye kihisio cha mwanga kilichofichwa, kinachojua jalada limefunguliwa lini. Kwa tarehe na saa walizoandika wenyewe, asilimia 90 ya rekodi zilionekana kujazwa kwa wakati. Kihisio kilisema ni asilimia 11. Hawakuwa watu wabaya. Walitaka tu karatasi ionekane imejaa. Lakini rekodi iliyojazwa nyuma inaturudisha kwenye kumbukumbu ileile tuliyoikimbia.

Kwa hiyo siku iliyopita ikiwa tupu, iache tupu. Tena pengo lenyewe ni habari. Ukija kuona mwishoni kwamba mapengo yako yote yako karibu na siku za -2, umejifunza kitu.

Rekodi ya siku inaweza kuwa fupi hivi:

Jumanne jioni. Moyo -1, nguvu +1. Kero, wasiwasi. Usingizi saa tano, nililala saa 7 usiku. Dawa ndiyo. Kahawa jioni. Nimeulizwa kazi mbele ya wenzangu.

Jumatano jioni. Moyo 0, nguvu -1. Uchovu, faraja. Usingizi saa saba. Dawa ndiyo. Nimetembea nusu saa. Nimeongea na dada.

Haizidi dakika mbili. Ikizidi, punguza.

Hatua ya 7: Soma

Usisome kila siku, na wiki mbili za kwanza usitafute maana yoyote. Kisha tenga nusu saa mara moja kwa mwezi, siku ambayo uko karibu na sifuri, ukae na kurasa zote.

Angalia kwanza umbo. Je, namba zako ni za chini kwa utulivu, au zinaruka kutoka -2 hadi +2 ndani ya siku chache? Kushuka kwako kunachukua muda gani kabla ya kuinuka? Mtu anayejua kwamba mishuko yake hudumu siku tatu huupokea mshuko mwingine kwa namna tofauti na yule anayedhani haitaisha. Kisha angalia siku za juma, tarehe za mwezi, na kilichotangulia. Tazama siku moja nyuma na hata mbili, kwa sababu usingizi wa jana na pombe ya juzi hulipwa leo.

Sasa hesabu, na hapa nenda taratibu. Tuseme unashuku usingizi mfupi. Katika siku 30, usiku wa chini ya saa sita ulikuwa mara 8, na siku 6 kati ya zilizofuata zilikuwa mbaya. Wengi hukomea hapo na kutangaza wamepata jibu. Bado. Hesabu na zile nyingine 22 ulizolala vya kutosha. Kama kati yake siku 5 tu zilikuwa mbaya, kuna uhusiano wa kufuatilia. Kama 16 zilikuwa mbaya, basi siku zako mbaya ni nyingi ulale usilale, na usingizi unasingiziwa. Akili hupenda kukumbuka mara ambazo mambo mawili yalikutana na kusahau mara ambazo hayakukutana. Karatasi haina upendeleo huo.

Hata uhusiano ukiwepo, jiulize nini kilianza. Kukosa usingizi huleta huzuni, na huzuni hukosesha usingizi. Kukaa peke yako kunashusha moyo, na moyo ulioshuka unataka kukaa peke yake. Daftari linaonyesha vinavyokwenda pamoja. Kujua kipi kinavuta kipi kunahitaji kujaribu.

Hatua ya 8: Badili kitu kimoja

Chagua jambo moja, lifanye wiki mbili, endelea kurekodi vilevile. Ukibadili matatu kwa pamoja hutajua lililofanya kazi.

Kama daftari linaonyesha kwamba siku zenye kutoka nje au kuonana na mtu huwa juu kidogo, panga kutoka kwa saa maalumu, usisubiri hadi ujisikie. Tiba ya sonona inayojengwa juu ya shughuli inafuata mpangilio huu: tendo linatangulia, hamu inafuata baadaye. Kabla ya kutoka andika unategemea utajisikiaje, ukirudi andika ulivyojisikia. Mtu mwenye sonona mara nyingi hutabiri chini ya inavyokuja kuwa, na kuona tofauti hiyo kwa mwandiko wako mwenyewe kunashawishi kuliko nasaha ya mtu.

Lini upeleke daftari kwa mtaalamu

Daftari halitambui ugonjwa. Upungufu wa damu na matatizo ya tezi la shingo, kwa mfano, yanaweza kufanana na sonona, na hayo hupimwa kwa damu. Nenda ukaonane na mtaalamu ikiwa:

- moyo umekuwa chini, au umepoteza hamu ya vitu ulivyovipenda, sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa wiki 2;
- umepanda isivyo kawaida kwa siku 4 au zaidi, huku ukilala kidogo bila kuchoka;
- hisia zinaharibu kazi, masomo au uhusiano, hata kama namba hazitishi.

Mawazo ya kufa au kujidhuru hayasubiri mwisho wa mwezi wala kurekodiwa kwanza. Mwambie mtu leo, usikae peke yako, na fika kituo cha afya cha dharura au piga namba ya msaada ya nchi uliko.

Usimpelekee daktari kurasa sitini. Andaa ukurasa mmoja: siku ngapi zilikuwa -2 au chini, siku ngapi +2 au juu, wastani wa usingizi, dawa na siku ulizoruka, na mambo mawili uliyoyaona yakijirudia. Unaweza kuambatisha fomu ya PHQ-9, inayopima dalili za sonona, yenye maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja likiwa na alama 0 hadi 3. Jumla ya 10 au zaidi huchukuliwa kuwa dalili kwamba unahitaji kuchunguzwa zaidi.

Likianza kukuumiza

Kuna watu ambao kujitazama kila saa kunawazidishia. Ukijikuta unajiuliza mara kumi kwa siku kama uko -1 au 0, unaogopa kuandika namba ya chini, au kila rekodi inakuvuta kwenye kurudiarudia mawazo yaleyale, shusha kiwango: rekodi mara moja kwa siku, namba pekee bila maelezo, au andika tu ulichofanya na kulala kwako. Ikiendelea, funga daftari kwa wiki mbili na umweleze mtaalamu wako. Wenye tatizo la mawazo yanayojilazimisha waanze zoezi hili wakiwa na msimamizi.

Hata kwa wasio na tatizo hilo, si lazima liwe la maisha. Swali la ukurasa wa kwanza likishajibiwa, miezi miwili au mitatu ikitosha, acha. Wenye ugonjwa unaojirudia wanaweza kubaki na mambo mawili tu, usingizi na namba ya moyo, na kurudisha mengine dawa inapobadilishwa au wanapoona dalili zao za mwanzo.